Jina la Sigurborg

Unnur aliweka kikombe mezani akasema, "Kuna mwanamke amekuja kwangu."

Mumewe, Kjartan, alikuwa anavaa buti. "Saa ngapi? Mlango niliutia komeo mwenyewe."

"Ndotoni, we naye. Bibi kizee. Amesimama mlangoni, theluji imemjaa mabegani. Halafu akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu. Akaniambia, sogea kidogo."

Mama yake Kjartan, Jórunn, alikuwa anakunywa kahawa yake kama anywavyo kila asubuhi, kipande cha sukari amekibana kwa meno ya mbele. Akakimeza chote, kizima.

"Mtu mwenye mimba ya miezi saba akila samaki aliyechacha kabla ya kulala, ataota mengi," akasema. "Ni tumbo hilo, mwanangu."

"Mama, si wewe uliyempa Kjartan jina la mjomba wako baada ya kumwota?"

"Mjomba wangu alijitaja. Huyo wako amejitaja?"

"Hakujitaja. Alisema sogea kidogo, basi."

"Basi ni tumbo."

Hapo Kaldavík, kijiji chetu cha wavuvi kwenye pwani ya kaskazini, hakuna asiyejua maana ya ndoto kama hiyo. Wafu wakitaka jina lao lirudi, huja kwa mwenye mimba. Wanaoishi mjini wanacheka, na hata hapo kijijini wapo wanaocheka mchana. Lakini sijamwona mtu aliyeombwa jina akanyima, kisha akalala vizuri mtoto wake alipoanza kukohoa.

Kjartan alichukua kopo lake la chakula akatoka. Jórunn akabaki anakoroga kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

*

Mwaka ule, 1968, samaki wa heringi hawakuja. Mwaka wa nyuma watu walisema wamechelewa. Safari hii hawakusema kitu. Mapipa matupu yalipangwa gatini mpaka urefu wa nyumba, na kila asubuhi wanaume arobaini walisimama mbele ya kiwanda cha samaki wakimsubiri msimamizi ataje majina manane ya vibarua wa siku.

Jina la Kjartan halikutajwa. Alikwenda nyuma ya mapipa, akakaa juu ya kamba, akala mkate na samaki mkavu aliofungiwa na mkewe. Akangoja mpaka saa sita ndipo arudi, ili nyumbani wadhani amepata nusu siku. Wiki ya tatu hiyo anafanya hivyo. Unnur alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Nusu siku ina harufu, na nguo za mumewe hazikuwa nayo.

Siku hiyo karani alimkuta hukohuko nyuma ya mapipa. "Ketill anakuita. Futa makombo."

Ketill ndiye alikuwa meneja wa kiwanda. Ofisi yake ilikuwa na zulia.

"Vua buti," akasema kabla Kjartan hajaingia.

Kjartan akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba nje. Alijaribu kukificha nyuma ya mguu mwingine, akawa amesimama kama ndege. Ketill alikitazama kidole kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Fundi wa mashine za barafu anahamia kusini," akasema. "Ni kazi ya mwaka mzima. Samaki waje wasije, mashine lazima izunguke."

"Mimi mashine nazijua, Ketill. Nilikuwa kwenye injini za meli miaka sita."

"Najua. Wanaozijua wako wengi." Akageuka kutazama picha ukutani. Ilikuwa ya mkewe, Matthildur, aliyekufa siku chache kabla ya Pasaka. Hawakujaliwa mtoto. "Nasikia mkeo atajifungua Desemba."

"Ndiyo."

"Sasa akiwa msichana..." Hakumaliza. Alifuta kioo cha picha kwa mkono wa koti. "Matthildur Kjartansdóttir, Matthildur binti Kjartan. Linakaa vizuri mdomoni."

"Na akiwa mvulana?"

"Kjartan, usinichekeshe. Vaa buti zako."

*

"Umeuza jina la mtoto hata hajazaliwa," alisema Unnur.

"Nimepata kazi."

"Na yule bibi?"

"Yule bibi ana kazi ya kunipa? Mwulize akija. Mwambie mimi ni fundi wa injini, sivuti sigara, sinywi isipokuwa Krismasi."

Jórunn akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Unnur hakucheka. Alikuwa amefumbata tumbo lake kwa mikono yote miwili.

"Amekuja tena leo," akasema. "Sasa nimemwona vizuri. Ananuka kondoo. Na mkono wa kushoto hauna vidole viwili, hiki na hiki."

"Sigurborg," alisema Jórunn.

Lilimtoka kabla hajalizuia. Mwana na mkewe wakamgeukia.

"Nani?"

"Hakuna mtu. Maskini wa kata. Aliwekwa kwetu shambani nikiwa mtoto."

Watoto wa siku hizi hawajui mambo hayo, lakini Kjartan aliyajua. Zamani mtu asiye na ardhi wala jamaa alikuwa mzigo wa kata. Kila masika wakulima walikutana, na mzigo ule ulinadiwa kwa kurudi chini: anayekubali malipo madogo kuliko wote ya kumtunza ndiye anayepewa mtu. Baba yake Jórunn alikuwa hodari wa kwenda chini. Faida yake aliitafuta kwenye sahani ya aliyeletwa.

"Alikufaje?" Unnur aliuliza.

"Alikuwa mzee. Wazee hufa."

"Na vidole?"

"Baridi. Kila mtu alikuwa na baridi. Jamani, kwani tuko mahakamani? Muiteni Matthildur. Jina safi, na kazi juu yake."

"Umesikia?" Kjartan akamwambia mkewe. "Hata mama anasema. Mwanangu hatarithi jina la mtu aliyenadiwa."

*

Mtoto alizaliwa tarehe kumi Desemba, msichana, mzito, mwenye sauti. Kjartan alikuwa ameshaanza kazi ya mashine kwa majaribio, "mpaka ubatizo," kama alivyosema Ketill bila haya yoyote. Mikono yake ikarudi kunuka mafuta. Alikuwa anapiga mluzi bafuni. Unnur alimsikia akipiga mluzi, na ubishi ukawa unamwisha kidogo kidogo, kwa sababu mwanamke anayempenda mumewe haombi arudishwe nyuma ya mapipa.

Alijaribu njia moja tu. "Mwombe tuweke yote mawili. Sigurborg Matthildur. Au Matthildur litangulie. Watu wanafanya hivyo kila siku."

Kjartan akaenda, akavua buti. Ketill alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mke wangu alipokuwa hai hakulala kitanda kimoja na maskini wa kata. Sasa amekufa unataka nimlaze naye?"

Kjartan alirudi na jibu hilo akalisema jikoni neno kwa neno. Jórunn akainuka, akaenda kusimama dirishani, na hapakuwa na kitu cha kutazama huko ila theluji.

Katikati ya Januari Mchungaji Bragi alikuja kunywa kahawa na kupanga siku. Alikuwa kijana wa kusini, mwenye kupenda vitabu kuliko watu, lakini hakuwa na ubaya.

"Jina sitaki kulijua," akasema. "Nitalisikia hapo penye beseni la ubatizo, pamoja na wengine wote."

"Sisi hatukuambii," alisema Unnur. "Nataka tu kujua maana ya majina mawili. Matthildur?"

"Hilo limetoka kwa Wajerumani. Nguvu, na vita. Nguvu ya kupigana."

"Na Sigurborg?"

"Ah, hilo la kwetu. Siku hizi halitolewi tena, limebaki makaburini. Sigur ni ushindi. Borg ni ngome, mahali mtu anapokimbilia akajihifadhi."

Kjartan akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Ushindi! Ngome! Mchungaji, mwenye jina hilo alikula makombo ya babu yangu, akala na kipigo."

"Jina halielezi maisha yatakavyokuwa," alisema mchungaji, na uso wake ukawa mwekundu kidogo. "Linaeleza mema aliyotakiwa mtoto. Mtu alimshika siku ya kwanza, akamtazama, akamtakia mahali pa kujihifadhi. Mama yake, nadhani."

Jórunn alikuwa anamkatia mgeni keki. Kisu kikasimama. Miaka sitini alikuwa amemkumbuka Sigurborg, mara nyingi bila kutaka, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba Sigurborg alikuwa na mama.

"Nani atamshika mtoto na kulitaja jina?" mchungaji aliuliza.

"Mama yangu," Kjartan akajibu haraka. Mchungaji alipoondoka akamwambia mkewe, "Wewe nakujua. Ukifika pale mbele utasema lako. Mama hana mambo ya ndoto."

Siku mbili kabla ya ubatizo Unnur alikuwa anamwosha mtoto, Jórunn anasuuza nepi katika beseni la pembeni.

"Unajua, Mama, haji tena," alisema Unnur. "Tangu nilipokubali. Mara ya mwisho alisimama tu mlangoni, hakuingia. Sasa kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kabisa. Nafikiri amechoka kungoja."

Jórunn aliiacha nepi majini. Mikono yake ilibaki humo mpaka maji yakapoa, na Unnur akadhani bibi amesinzia akiwa wima.

*

Kanisa la Kaldavík linachukua watu themanini. Siku hiyo walikuwa kama sitini, kwa sababu hakukuwa na kazi ya kuwaweka kwingine. Ketill alikaa benchi la mbele, koti jeusi, kiboksi kidogo juu ya goti. Kila mtu alijua ni nini: kijiko cha fedha, zawadi ya jina. Alikiagiza mji mkuu, na jina la Matthildur lilikuwa limeshachongwa kwenye mpini.

Jórunn alisimama mbele ya beseni na mtoto mikononi. Kjartan kulia kwake, amenyolewa, kola mpya inamkaba. Unnur kushoto, macho chini.

"Mtoto huyu aitwe nani?" aliuliza mchungaji.

Jórunn hakujibu. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Kjartan akaona mama amesahau, uzee huo, akamnong'oneza, "Matthildur."

"Nasikia," alisema Jórunn kwa sauti ambayo ilifika mlangoni. Kisha akamwambia mchungaji, "Sigurborg."

Mchungaji Bragi aliwatazama wazazi. Kjartan alifungua mdomo, lakini hakuna mtu aliyewahi kubishana penye beseni hilo, na mwili wake haukujua namna ya kuanza. Unnur aliinua macho, hakusema ndiyo wala hapana. Maji yalikuwa yameshachotwa. Yakamwagwa mara tatu, na mtoto akalia kama wanavyolia wote.

Mtoto alipotulia ilisikika sauti ndogo, ya kiboksi kufungwa. Ketill alikitia mfukoni. Alingoja wimbo uishe, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akatoka bila kumpa mtu mkono.

*

Chapati za maji zilikuwa zimepangwa mezani sahani tatu, zenye jamu na krimu, za kutosha watu ishirini. Hakuja mtu. Nani angekuja kula kwa Kjartan na kesho asimame mbele ya msimamizi wa Ketill?

"Sasa niambie," alisema Kjartan. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulisema ni tumbo. Ulisema jina safi. Niambie, mama, nini kimekuingia?"

Jórunn alikuwa bado amevaa koti, mtoto bado yuko mikononi mwake.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema. "Tulilala kitanda kimoja, yeye na mimi. Nyumba ilikuwa na vitanda vinne, na watu tisa. Kila siku akija kulala alisema, sogea kidogo. Nami nilisogea kidogo sana, makusudi, alale nusu nje. Siku moja, Februari, baba akamtuma kwenye zizi la juu kutazama kondoo. Tufani ikashuka. Baba akatia komeo, akasema huyo atalala na kondoo. Halafu mlango ukagongwa."

"Mama," alisema Unnur.

"Baba akasema ni upepo. Mama naye akasema ni upepo. Mimi ndiye niliyelala karibu na mlango. Upepo haugongi mara tatu, ukangoja, ukagonga tena."

"Ukafanya nini?" aliuliza Kjartan.

"Nilinyoosha miguu." Jórunn alimtazama mwanawe. "Kitanda kilikuwa kipana. Ndicho nilichofanya, nilinyoosha miguu. Kugonga kulikoma kabla ya alfajiri. Asubuhi hakuwa mbali. Ilibidi baba ausukume mlango kwa bega."

Krimu ilikuwa inaanza kuyeyuka pembeni.

"Unnur aliponiambia haji tena, kimya," aliendelea, "nilijua kimya hicho. Mimi nilishakisikia."

Kjartan alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo umemlipa," akasema. "Vizuri. Lakini ungemlipa kwa cha kwako, mama. Umemlipa kwa changu. Kazi ilikuwa yangu. Mkate ni wa huyu mtoto."

"Cha kwangu sina."

"Mdomo ulikuwa nao. Miaka yote hii. Ungesema mwezi wa kumi, tungejua tunaamua nini."

"Ndiyo," alisema Jórunn. "Ningesema."

Unnur alimwendea akamchukua mtoto. Yeye ndiye aliyelitaka jina, ndiye aliyelipigania, na sasa amelipata. Alimweka mtoto begani akampigapiga mgongo.

"Nilidhani ni bibi anayetaka kupumzika tu," akasema. "Sasa kila nikimwita huyu nitasikia mlango."

*

Jumatatu mtu mwingine alikuwa kwenye mashine za barafu. Msimamizi hakulitaja jina la Kjartan siku hiyo wala nyingine yoyote, na Kjartan hakwenda tena nyuma ya mapipa, maana hapakuwa na wa kumficha. Mwezi Februari aliandika barua Sweden, ambako viwanda vya meli vilikuwa vinachukua watu wetu kwa mamia. Jibu lilikuja kwa wiki mbili.

Muda wote huo aliongea na mama yake mambo ya lazima tu. Makaa yamekwisha. Simu yako. Mtoto alimwita "mtoto." Unnur alimwita Sigurborg, mwanzoni kwa sauti ya chini, baadaye kama jina lolote. Jórunn hakumwita kitu. Alimbeba tu, alipopewa.

Meli ya pwani ilifika mwisho wa Machi, siku ya mvua na theluji pamoja. Jórunn aliwasindikiza mpaka gatini ingawa hakuna aliyemwambia aje. Alikuwa amefunga chapati na samaki mkavu katika kitambaa. Unnur alipokea kifurushi, akambusu shavuni, akapanda na mtoto. Hakugeuka, labda kwa sababu ya mvua.

Kjartan alibaki na sanduku la mwisho. Mabaharia walikuwa wanafungua kamba.

"Wameniambia wanaweza kukupa chumba kule kituo cha wazee," akasema. "Baraza litalipa. Nyumba ukiiweza, kaa. Usipoiweza, waambie."

"Nitakuwa mzigo wa kata, basi."

"Siku hizi hawaiti hivyo."

"Hapana. Hawaiti hivyo."

Akainua sanduku, akapiga hatua mbili, akalitua tena. Kwa wiki tisa hakuwa amemtazama mama yake usoni. Sasa alimtazama.

"Alikuwa anagonga kwa mkono upi?" aliuliza. "Ule mzima, au ule mwingine?"

Jórunn alifikiri, ingawa hakuhitaji kufikiri.

"Yote miwili," akasema.

Kjartan aliitikia kwa kichwa. Mabaharia walimwita mara ya pili. Akabeba sanduku, akapanda, na ubao ukavutwa.